Filimbi, Jicho, Mkono

Mwaka huu mashindano ya taifa ya mpira wa mikono kwa klabu za wanaume za daraja la pili yamerudi Arusha, nami nikaalikwa kuvisha medali. Kijana aliyenipigia simu aliniita "bibi yetu", akaniahidi kiti chenye kitambaa cheupe na chai ya moto, nisihangaike na chochote, na hapo nikajua nimezeeka. Kiti kilikuwepo kweli, chini ya turubai, pale Tengeru, katikati ya watu wa suti, na baridi yetu ya Julai iliyokuwa imeshaingia kwenye magoti bila kubisha hodi. Kipindi cha kwanza nilikaa kwa adabu. Cha pili kilipoanza nikamwona mtu amekaa peke yake kwenye benchi la saruji nyuma ya goli la upande wa mlima, amevaa sweta la kijani na kofia ya sufi, mikono ameibana katikati ya mapaja. Sura sikuiona vizuri, nilimtambua kwa namna alivyokaa. Nikawaambia wenyeji wangu nakwenda kunyoosha miguu, nikamfuata. "Lembris," nikasema. Akainua uso, akatabasamu meno yote nje, jambo ambalo zamani hakulifanya, akasogea kunipisha.

Ya nyumbani kwetu Kaloleni, pale Arusha mjini, nitayaruka. Waliokulia kule wanayajua, na wengine watachoka kuyasoma. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi mjini, chaki mkononi na filimbi shingoni. Asiyeujua mchezo huu aelewe jambo moja: unachezeshwa na waamuzi wawili walio sawa, hakuna mkubwa wala msaidizi. Mmoja anasimama golini, pembeni ya nguzo, anatazama mstari wa mita sita ambao mshambuliaji haruhusiwi kuukanyaga. Mwingine anakaa kati, nyuma ya wanaoshambulia, anatazama mchezo mzima. Mpira ukigeuka, wa golini anakuwa wa kati, na wa kati anakimbilia goli la pili, basi mnabadilishana hivyo mechi nzima bila kuambiana neno. Ndiyo maana enzi zetu tulifundishwa kwa jozi, tukapimwa kwa jozi, na beji ya taifa ilitolewa kwa jozi, mnapata wote au mnakosa wote. Jozi yangu ya kwanza alikuwa msichana wa Ngarenaro, akaolewa Singida kabla hatujachezesha mechi ya maana. Jozi ya Lembris alihamishiwa kazi Tabora. Tukawa mabaki mawili, na Mwalimu Pendaeli, aliyekuwa akitufundisha uamuzi, akatuunganisha kwa kukosa namna nyingine. Aliniambia kijana mwenyewe ni wa Olmotonyi, anafanya kazi kwenye vitalu vya miche vya chuo cha misitu, anaimba kwaya ya Kilutheri, mpole, na haongei. Nikamjibu kwamba hilo si tatizo, nitaongea kwa niaba yetu sote.

Kila Jumamosi nilipanda Olmotonyi. Uwanja wa chuo ulikuwa umezungukwa na misonobari, na asubuhi ukungu ulishuka mpaka goli la pili halionekani, tukawa tunasubiri ulegee ndipo tuanze. Mwalimu Pendaeli alikuwa Mmeru mfupi mwenye koti refu, na masomo yake yote aliyafupisha kwa maneno matatu: filimbi, jicho, mkono. Ukishapuliza, usinyooshe mkono. Mtazame kwanza mwenzako. Uso wake ukikubali, onyesha upande. Ukikataa, subiri. Aibu kubwa katika kazi yetu ni waamuzi wawili kunyoosha mikono pande mbili tofauti mbele ya watu, na Mwalimu alisema jozi iliyofikia hapo ni bora iende ikauze maparachichi. Basi alitufundisha kutazamana. Alituingiza kwenye vitalu, mimi upande huu wa tuta la miche na Lembris upande ule, kila mtu na kopo lake la kumwagilia, tukaambiwa tusiseme kitu. Akipiga makofi, tubadilishane pande bila kugongana na bila kukanyaga mche. Mwanzoni nilicheka mpaka maji yakanimwagikia viatuni. Mwezi wa pili sikucheka tena. Nilikuwa najua kwa kutazama bega lake kwamba anataka kwenda kushoto, na yeye alikuwa anajua nimechoka kabla mimi mwenyewe sijajua.

Sijawahi kumweleza mtu vizuri jinsi jambo hilo linavyomwingia msichana wa miaka ishirini na kitu. Nyumbani nilikotoka, na shuleni nilikofundisha, hakuna aliyenitazama usoni zaidi ya mara mbili kwa siku, tena kwa kutaka kitu. Hapa palikuwa na mtu ambaye kazi yake, kwa amri ya Mwalimu, ilikuwa kutazama uso wangu na kuuliza kimya kimya kama nakubali. Alikuwa na macho matulivu, na meno yenye madoa ya kahawia ya watu waliokulia kwenye maji ya huku kwetu chini ya Meru, ambayo aliyaonea haya, kwa hiyo akicheka aliziba mdomo kwa mkono. Nilimwambia filimbi inamfaa kwa sababu inamziba mdomo bila kumchosha mkono. Akacheka, akaziba.

Baada ya mazoezi tulikula chumbani kwake, kwenye nyumba za wafanyakazi. Kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda, meza, viti viwili ambavyo kimoja kiliazimwa kila Jumamosi kwa jirani, jiko la mafuta ya taa, na kitabu cha nyimbo dirishani. Mlango ulikaa wazi muda wote, na Mwalimu Pendaeli alivuta kigoda chake akakaa palepale kizingitini na sahani yake, nusu ndani nusu nje, ili mtu yeyote anayepita ajue kwamba humo ndani hakuna la kuficha. Aliyepika ni jirani, Mama Nanyori, mama wa Kiarusha mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Siku nyingi ilikuwa loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, ambayo kwetu Kaloleni hatukuwa tukipika. Siku moja Mama Nanyori alitaka kunikaribisha kwa jogoo. Lembris akasimama mlangoni akamwambia asimchinje bado. Akapanda mpaka lango la juu la chuo kumtafuta mlinzi, mzee wa Kondoa aliyekuwa Mwislamu, akarudi naye chini kwenye mvua ili jogoo achinjwe inavyotakiwa, mimi nipate kula. Mama Nanyori alisimama na kisu chake akiwatazama wanavyoteremka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba ameishi na kijana huyu miaka yote, anamtuma kuni tu anaona uvivu, leo kwa ajili ya paja la kuku amepanda mlima na kushuka. Mwalimu Pendaeli alicheka pale kizingitini. Lembris alikwenda kunawa mikono, akanawa muda mrefu.

Tulipokuwa tumekaa kwenye benchi mwaka huu nilimuuliza habari za Mama Nanyori, akaniambia alishazikwa, amemzika yeye kama mtoto wake. Akaniuliza magoti yangu yakoje. Nikamuuliza ya kwake. Mke wake hajambo, namheshimu sana yule mama, amemtunza vizuri. Mume wangu naye hajambo. Ninaandika haya yeye akiwa chumba cha pili anasikiliza taarifa ya habari, na hakuna jambo katika sura hii ya kitabu changu ambalo sijamsimulia katika miaka ya ndoa yetu, isipokuwa mwisho, ambao mimi mwenyewe nilikuwa siujui. Mbele yetu uwanjani walikuwa wanachezesha mabinti wawili, wepesi, nywele wamezibana nyuma. Lembris aliwafuatilia kwa makini. Akasema yule wa golini anautazama mstari vizuri. Nikakubali.

Mwaka ule, kabla ya mashindano, posa ilikuwa imeletwa nyumbani. Mwanamume alikuwa wa Moshi, mtu mwema, ndiye huyu anayesikiliza taarifa ya habari. Mjomba aliyenilea aliniita sebuleni akaniuliza nasemaje. Nikamwomba anipe mpaka mashindano yaishe. Alishangaa mpira na ndoa vinahusianaje, lakini alinipenda, akanikubalia, akawaambia wale watu wasubiri Julai ipite. Lembris nilimwambia mwenyewe, Jumamosi iliyofuata, tukiwa tunakusanya makopo kwenye vitalu. Nilisema kwa wepesi, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Akauliza mjomba ametoa muda gani. Nikamwambia. Akasema, "Basi tuipate kwanza beji." Nilirudi mjini na sentensi hiyo, nikaigeuza upande huu na upande ule mpaka usingizi ukakataa. Tungeipata beji, mwaka unaofuata tungepangiwa mechi Dodoma, Zanzibar, Mwanza, sisi wawili kwa sababu jozi haitenganishwi. Mwaka mzima wa kutazamana. Na katika mwaka mzima, nilijiambia, hata mtu asiyeongea atapata siku moja ya kusema. Yeye Mlutheri na mimi Mwislamu, hilo nililiona, sikuwa kipofu, na nilijua lingetikisa nyumba mbili. Lakini nilikuwa tayari kutikiswa. Nilichohitaji ni muda, na muda ulikuwa ndani ya ile beji.

Mashindano yalipofika, Tengeru ilijaa vijana warefu wenye mabegi. Tulilala kwenye mabweni ya chuo kimoja cha pale, wanaume upande wao na wanawake upande wetu, tukala pamoja kwenye bwalo: ndizi za nyama, makande, chai ya maziwa yenye moshi. Wachezaji wa Tanga waliilalamikia baridi wakiwa wamejifunga mashuka, wa Mwanza wakalalamika hakuna samaki. Mkaguzi wa waamuzi alitoka Dar es Salaam, Bwana Mfaume, mzee wa kanzu na koti juu yake, mwenye miwani na maneno ya taratibu. Tulimwamkia shikamoo kila asubuhi, akaitikia marahaba bila kuonyesha kama tumempendeza. Alikaa pembeni ya uwanja kwenye kiti chake, kila mechi yetu, akatazama. Mlima hatukuuona hata siku moja, mawingu yalikaa juu ya migomba kutwa. Na tulichezesha vizuri. Nasema hivi nikiwa nimechezesha miaka mingi baadaye na mwenzangu hodari: sijawahi kuchezesha kama siku zile. Nilipuliza, nikageuka, na uso wake ulikuwa tayari unanisubiri. Sikuwahi kuukosa. Makocha, ambao huwa hawawapendi waamuzi, walitupita bwaloni wakatupa salamu, na siku moja kocha wa Mwanza alimwambia Mwalimu Pendaeli kwamba hawa wako wawili lakini wana kichwa kimoja.

Fainali tukapewa sisi. Tanga na Mwanza, na anayeshinda anapanda daraja. Walikwenda sawa mpaka mwishoni, uwanja mzima umesimama, hata akina mama wa bwalo wameacha masufuria. Mwanza wakashambulia upande wa Lembris, yeye golini na mimi kati. Winga wao wa kushoto akapokea mpira, akaweka mguu, akaruka, beki akamparamia hewani, wakaanguka wote. Mimi nilikuwa nimeuona ule mguu. Ulikanyaga mstari wa mita sita kabla hajaruka, kidole na nusu ya soli, kwa hiyo kilichofuata hakikuhesabika, mpira ulikuwa wa Tanga. Nikapuliza. Filimbi ya Lembris ikafuata ya kwangu. Nikageuza macho kumtafuta, na nikakuta uso wake unanitazama kama kawaida, lakini safari hii haukukubali wala haukukataa. Ulikuwa uso wa mtu aliyeamshwa. Mikono yetu ikaenda kabla hatujaelewana, wangu ukaelekea goli la Mwanza, wake ukaelekea alama ya penalti ya mita saba. Pande mbili. Kelele iliyotoka kwa watu sijaisahau.

Kanuni inasema msimamishe saa, mkutane, mkubaliane, na msipokubaliana neno la mwamuzi wa kati ndilo linalosimama. Tulikutana katikati ya uwanja, wachezaji wametuzunguka kwa mbali. Nikamuuliza ameona nini. Akasema, "Sijaona." Nikamuuliza kuhusu mguu. Akatikisa kichwa. Angeweza kudai ameona, watu wengi wangedai. Akasema tu, "Sema wewe, nitasimama na wewe." Nikanyoosha mkono kwa Tanga, naye akanyoosha upande huohuo, wazi kabisa, watu wote waone. Mwanza walilia, kocha wao akavua kofia akaitupa. Tanga wakatoka na mpira ule wakafunga, na mchezo ukaisha.

Nilikuwa sijasali alasiri. Palikuwa na stoo ya vifaa nyuma ya chumba cha viongozi, imetengwa kwa mbao tu, na katibu alinipa ufunguo tangu siku ya kwanza ili nipate mahali pa kuswali. Niliingia humo, nikasogeza nyavu na mipira, nikatandika mkeka. Nilikuwa nimeshatoa salamu, bado nimekaa, niliposikia viti vinavutwa upande wa pili. Bwana Mfaume na Mwalimu Pendaeli. Ningetoka, lakini mlango wangu ulifungukia mbele yao. Nikabaki nimekaa.

"Binti nampitisha," Bwana Mfaume alisema. "Kijana hapana."

Mwalimu alisema hii ni jozi. Bwana Mfaume akasema anajua ni jozi, na kwamba yuko binti Dar es Salaam ambaye mwenzake amejifungua na hana mtu, atamuunganisha na mimi. Mwalimu akaanza kunitetea nisiyehitaji kutetewa, kisha akamtetea Lembris, akasema kosa moja lisimhukumu mtu.

"Si kosa moja. Yule kijana hatazami mstari, Mwalimu. Anamtazama mwenzake."

"Ndivyo nilivyowafundisha, mzee. Filimbi, kisha jicho."

"Kwake jicho linatangulia. Tangu siku ya kwanza nimeacha kutazama mpira, nimemtazama yeye. Mpira ukiwa kushoto, anamtazama binti. Ukiwa kulia, anamtazama binti. Leo mtu kakanyaga mstari mbele ya pua yake."

Mwalimu akasema kijana hana ubaya wowote, anamfahamu. Bwana Mfaume akacheka kidogo, kicheko cha upole. "Ubaya uko wapi? Nami nimeoa, ule mtazamo naujua. Lakini siwezi kuupa beji."

Mwalimu akauliza amwambieje. Akaambiwa amwambie hana kasi, kijana akiambiwa hana kasi hununa siku mbili akapona, na sababu yenyewe ibaki kati yao. Viti vikavutwa tena. Mimi nilikuwa kwenye mkeka, kati ya nyavu, na sitadanganya katika kitabu changu mwenyewe: nilifurahi. Jozi yangu ilikuwa imevunjwa, Dodoma na Zanzibar vimekwenda na maji, na nilikuwa nimekaa pale mikono usoni nikicheka kimya kimya kama mwendawazimu. Miezi yote nilikuwa najiuliza kama ninayoyaona usoni mwake ni yangu au ni ya Mwalimu na masomo yake. Sasa mtu mzima, mgeni, mwenye miwani, aliyelipiwa nauli kutoka Dar es Salaam, alikuwa amekaa siku zote hizo akilithibitisha. Furaha ilidumu mpaka nilipokunja mkeka, ndipo nikakumbuka kwamba amekataliwa.

Kesho yake timu zilipokuwa zinapakia mabegi, Lembris alinisindikiza mpaka barabarani, kupita kando ya soko. Alinibebea begi. Alikuwa ameninunulia maparachichi, ameyafunga kwenye karatasi, akasema Mwalimu alituambia twende tukayauze, basi mtaji ndio huo. Akaziba mdomo. Kisha akasema ameambiwa hana kasi. Nikamuuliza yeye amejibu nini. "Nimesema ni kweli. Milima imenifanya miguu mizito." Nikamwambia si kweli, wewe si mzito. Akasema tena ni kweli. Nilisimama pale kando ya matenga ya nyanya nikimtazama usoni kama nilivyofundishwa, na uso wangu wote ulikuwa umekubali, hakukuwa na mwamuzi duniani ambaye asingeusoma. Nilisubiri. Mwanamke wa nyumbani kwetu, wakati ule, hakuanza yeye, na mimi niliyeongea kwa niaba ya kila mtu nilikuwa nimefika mahali pasipo na maneno ya kwangu. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko siku zote. Halafu akanipa begi langu. Akasema, "Wewe nenda, Rukia. Nenda ukachezeshe." Nikaenda.

Nikapata beji. Nikachezesha Dodoma na Zanzibar na kwingineko na yule binti wa Dar es Salaam, ambaye alikuwa mwamuzi mzuri na alinitazama pale tu alipotakiwa. Niliolewa Moshi mwaka uliofuata, nikazaa, nikafundisha, nikastaafu. Sina la kulalamika. Lakini kuna kitu hakijaniacha, na umri haukukipunguza. Ninaweza kuwa nateleka chai, au nimesimama benki, nikageuza kichwa ghafla kutafuta uso upande wa kushoto wa chumba, golini, uniambie kama tumeona sawa. Naukosa kila mara. Si mapenzi ya sinema ninayoyatamani, umri huu nikayafanyie nini. Natamani kuwa tena mtu anayetazamwa hivyo, na kumtazama mtu hivyo, kwenye ukungu, kopo la maji mkononi, na Mwalimu akipiga makofi.

Yote hayo yalikuwa yananipita kichwani pale kwenye benchi. Wenyeji wangu walishaanza kunipungia mkono kutoka kwenye turubai, medali zilikuwa zinaandaliwa. Nikaona nikiondoka hapa bila kusema, sitasema tena. Nikamwambia huku namtazama yule binti wa golini, "Lembris, hawakukukataa kwa sababu ya kasi."

"Najua," akasema.

Nikadhani hajanielewa. Nikamwambia nilikuwa stoo siku ile, nimemaliza kuswali, nikamsikia Bwana Mfaume kwa masikio yangu, neno kwa neno. Hapo ndipo alipogeuka. Alinitazama kwa mshangao, na nikaona kwamba hilo ndilo alilokuwa halijui.

Akaniambia Mwalimu Pendaeli hakuweza kumdanganya. Alimfuata bwenini jioni ileile, akaanza habari za kasi, akashindwa njiani, akamweleza yote. "Nilidhani tunajua sisi wawili tu," akasema. "Mimi na Mwalimu."

Basi pale kando ya matenga ya nyanya tulikuwa tunajua wote. Yeye na miguu yake mizito, mimi na kusubiri kwangu. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Alitazama uwanja. Mechi ilikuwa imesimama, wale mabinti wawili wamekutana katikati wanashauriana, vichwa vyao karibu.

"Beji ilikuwa yako," akasema. "Na mjomba wako alikuwa anasubiri jibu. Ningesema, ungebaki."

"Ningebaki."

"Ndiyo maana," akasema.